Eti "utapata jina"!

Haya wadau, nimerudi. Najua nilipotea, tangu nilipoaga kwenda nyumbani Mpanda kwa ajili ya TP sijaandika kitu. Wengine mlinitumia meseji mkiuliza kama nimeliwa na viboko wa Katavi. Sijaliwa. Ila nimerudi chuoni Dodoma nikiwa na hasira, na leo naitoa yote. Ni hasira kwa kila mhariri anayemwambia mwandishi anayeanza "andika bure kwanza, utapata jina". Na kidogo ni kwetu sisi wenyewe tunaoitikia "asante bosi".

Kisa chenyewe ni hiki. Shule niliyopangiwa ilikuwa mjini Mpanda, kwa hiyo nililala kwa mama na Jumamosi nilikuwa huru. Nikasema nitumie nafasi hiyo kuandika makala. Mnajua mimi na treni. Nikaamua kuandika habari za reli yetu, lile tawi linalotoka Kaliua kuja Mpanda, kama kilomita 210 hivi. Watu wengi hawajui kwamba reli ile haikujengwa kwa ajili ya abiria. Wakoloni waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili ili kubeba madini ya risasi ya mgodi wa Mpanda. Mgodi ukafa, Waingereza wakaondoka, reli ikabaki, na watu wa kwetu wakaifanya yao: mchele, mahindi, na mabibi wanaokwenda Tabora kuona wajukuu. Nikaona hapo kuna makala.

Basi bwana, nikaingia kazini kweli kweli. Jumamosi tatu. Nilimtafuta mzee mmoja mstaafu wa reli, nikakaa naye barazani kwake mpaka giza likaingia. Nikapanda bodaboda mpaka stesheni ya Katumba, nikaongea na kina mama wanaouza chakula pale. Nikarudi tena kwa mzee kwa sababu miaka aliyonitajia ilikuwa inagongana, na mimi sikutaka kuandika uongo. Ukijumlisha bodaboda, bando, na sukari kilo mbili nilizompelekea mzee (kwetu huendi kwa mtu mzima mikono mitupu), ilinitoka 41,500. Wenzangu wa bumu mnajua hiyo ni kitu gani. Bodi ya Mikopo inatupa 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo. Yaani niliandika makala ile kwa siku nne za tumbo langu.

Nikaituma kwa jarida moja la Dar, silitaji. Siku ya tisa simu ikaita, namba ngeni.

"Mdogo wangu, nimesoma kazi yako. Nzuri sana. Tutaitoa."

"Asante sana kaka, shikamoo." Nilichanganyikiwa kwa furaha mpaka nikamwamkia mwishoni! Halafu nikajikaza. "Na malipo yakoje, kaka?"

Kimya. Halafu akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto. "Wanaoanza huwa hatuwalipi, mdogo wangu. Kwanza tunakupa jukwaa. Utapata jina. Jina likishakua, hela zitakufuata zenyewe."

Na mimi, msomi mzima wa chuo kikuu, nikasema asante kaka.

Toleo likatoka. Shoga yangu aliyeko Dar akapiga picha ukurasa akanitumia. Kichwa cha habari kikubwa, kizuri. Picha niliyopiga Katumba imekaa katikati kabisa. Na chini ya kichwa cha habari, pale ambapo jina langu lilitakiwa kuwa, pameandikwa: Na Mwandishi Wetu.

Khaa! Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Niliambiwa silipwi hela, nalipwa jina. Sasa hata jina nimenyimwa. Nikampigia yule kaka mara tatu. Hapokei mpaka leo.

Mtasema huyo ni mmoja tu, mbovu, kwa nini nawalaumu wote. Haya, tuseme angeliweka jina langu, tena kwa herufi nene. Bado nasema utaratibu wenyewe ni mbovu, na ndiyo hoja yangu ya leo. Ukisema wanaoanza waandike bure, umeshachagua nani ataanza. Atakayeanza ni yule ambaye nauli yake, bando lake na chakula chake vinalipwa na mtu mwingine. Anakaa kwa baba yake Dar, mada yake iko umbali wa daladala moja, akikosa hela ya makala hakosi wali wa jioni. Simchukii, na wengine wao ni marafiki zangu. Lakini yeye anaweza kuandika bure mwaka mzima mpaka jina likue. Mtoto wa muuza mchele wa Mpanda ataandika makala moja, mbili, ya tatu atarudi kusoma madesa yake. Halafu mhariri atakaa kwenye semina na kusema "vijana wa mikoani hawaandiki".

Na hapo ndipo Katavi inapopotea. Mkoa wetu umezaliwa Machi 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa, na bado mtu wa Dar akisikia Katavi anajua vitu vitatu: viboko, wakimbizi na uchawi. Baada ya lile jarida nilimpigia mhariri mwingine nikampa wazo la makala ya shule, jambo nililoliona kwa macho yangu darasani. Akaniuliza, "Hamna kitu cha viboko huko?" Jamani, viboko nawaheshimu. Kiangazi Mto Katuma ukikauka wanabanana kwenye dimbwi kama abiria kwenye basi la mwisho, na watu wanatoka Ulaya kuja kuwapiga picha. Lakini je, mwalimu anayefundisha pale mjini na mama anayesubiri treni Katumba siyo habari mpaka kiboko awatafune?

Chukueni mfano wa Mishamo. Hiyo ni makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, iko huku kwetu. Kitabu kinachojulikana duniani kuhusu maisha ya Mishamo kiliandikwa na mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti huko katikati ya miaka ya 1980, na kilichapishwa Chicago mwaka 1995. Simlaumu hata kidogo. Alikuja, akakaa, akasikiliza wazee, ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa. Ninachosema ni kwamba kukaa na kusikiliza kunakula muda, na muda wa mtu lazima mtu fulani aulipie. Watafiti wana mafungu ya utafiti. Kijana wa Mishamo mwenyewe, aliyezaliwa pale, anayejua lugha na majina ya vijiji vyote, akitaka kuandika makala ya kurasa mbili anaambiwa atapata jina. Matokeo yake habari zetu tunazisoma zikiwa zimetoka mbali.

Tena hii bure siyo bure kweli. Ulizeni waandishi wa mikoani. Wengi wao hawana mshahara, wanalipwa kwa habari iliyotoka, na wakati mwingine hata hiyo inachelewa miezi. Sasa mtu kama huyo ataishi vipi? Atakwenda pale penye bahasha. Mtu akifungua semina, akizindua choo cha shule, akigawa madawati, anaita waandishi na anawapa "nauli". Mwandishi anakula, habari inatoka, na anayesifiwa ni yule aliyetoa bahasha. Mhariri anaona amepata habari bila gharama, kumbe imeshalipiwa na mtu mwingine. Kwa hiyo msomaji ukiona gazeti limejaa wazinduzi, usishangae. Wale kina mama wa Katumba hawana bahasha ya kumpa mwandishi, ndiyo maana hamuwasomi.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana mwenzangu wa chumbani ameshanipinga jana usiku mpaka saa saba.

Kwanza alisema hata Shaaban Robert alianza kwa kupeleka mashairi yake kwenye gazeti la Mambo Leo. Kweli. Mambo Leo lilianzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, na watu wa kila pembe ya Tanganyika walilipelekea barua, mashairi na habari za kwao. Lakini shoga yangu, Shaaban Robert aliajiriwa forodhani tangu 1926. Alikuwa karani mwenye mshahara. Mchana anapima mizigo, usiku anatunga. Mtu aliyeshiba kwa kazi nyingine akitoa shairi lake ni hiari yake na tunamshukuru. Wewe unamwambia mtu ambaye kuandika ndiyo kazi anayoitaka, aifanye bure mpaka utakapoamua wewe kwamba ameshakua. Na nani anapanga siku ya kukua? Mhariri huyo huyo anayefaidika nikibaki mdogo.

Pili akasema biashara zote zina kuonjesha. Hapo nikamletea habari za mama yangu, maana nimekulia chini ya meza yake ya mchele. Mama anampa mteja punje atafune aone kama mchele ni mpya. Ukishalipa kilo zako anakuongezea kiganja juu, hiyo ndiyo nyongeza. Sijawahi kumwona mama anampa mtu gunia zima akapike, akale na wanawe, halafu amngoje arudi kusema ulikuwa mtamu. Kuonjesha katika uandishi kupo: ni aya mbili za pendekezo, ni makala yako ya zamani ambayo mhariri anaweza kuisoma. Makala nzima yenye safari tatu ndani yake ni gunia.

Tatu, na hii ndiyo ngumu, akasema majarida yenyewe hayana hela. Matangazo yamehamia kwenye simu, watu hawanunui karatasi, wahariri wenyewe wanakopa kwa mangi. Hili nalikubali, na nawaonea huruma. Lakini jarida linamlipa mwenye mashine ya kuchapa. Linalipa karatasi, linalipa umeme, linamlipa dereva anayesambaza. Hakuna anayemwambia mwenye mashine "tuchapie bure utapata jina". Kama hela ni kidogo, tugawane hicho kidogo. Niambie una elfu ishirini tu, nitaamua mwenyewe kama naenda Katumba au naandika kitu nisichohitaji nauli. Hata serikali yenyewe imeshakubali kwamba maandishi ni mali: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2023, mshindi wa kwanza alipewa shilingi milioni 10. Ninachoomba mimi ni nauli na chakula cha mchana.

Sasa upande wetu, maana sitaki mseme nawasema wahariri tu. Nimerudia kusoma barua pepe niliyowatumia lile jarida nikaona aibu. Ilianza hivi: "Shikamoo mhariri, mimi ni mwanafunzi wa ualimu, naomba msaada wako unisaidie kutoa makala yangu." Ona "msaada" na "unisaidie" ndani ya sentensi moja! Aliyeombwa msaada ametoa msaada, atalipaje tena juu yake? Na nilimtumia makala nzima kabla ya kumuuliza kama anaitaka, kwa malipo gani, na jina langu litakaaje. Nilimkabidhi gunia mlangoni nikaanza kugonga kuuliza bei.

Na hili linanigusa kama mwalimu mtarajiwa. Sekondari tulifundishwa insha, barua rasmi, risala, kumbukumbu za mikutano. Mimi mwenyewe TP nimewafundisha kidato cha pili barua ya kuomba kazi, anwani mbili, salamu, yah kwa herufi kubwa. Lakini hakuna mahali tunapomwambia mwanafunzi kwamba alichoandika ni mali yake. Sheria ipo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Ukishaandika, haki ni yako hapo hapo bila kusubiri cheti cha ofisi yoyote, na ndani yake mna haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye mwandishi. Mimi nimeisoma baada ya kuibiwa jina. Wanafunzi wangu nitawaambia kabla.

Basi hivi ndivyo nilivyofanya wiki iliyopita, iga kama inakufaa. Nilichagua mhariri mmoja tu, wa gazeti ambalo nalisoma na najua ukurasa gani unatoa makala za aina yangu. (Kuna wenzetu wanatuma kitu kile kile kwa wahariri kumi siku moja. Wawili wakikitoa, umepoteza wote kumi.) Sikutuma makala. Nilituma pendekezo, hili hapa kama lilivyo:

"Mhariri, habari za kazi. Napendekeza makala ya maneno 1,200 kuhusu kina mama wanaouza chakula kwenye stesheni za reli ya Kaliua hadi Mpanda. Sasa lami ya kutoka Tabora imefika Mpanda, abiria wengi wamehamia kwenye mabasi, na mabasi hayasimami Katumba. Makala itaonyesha jinsi barabara nzuri ilivyowaondolea kipato watu waliokuwa wakiishi kwa treni, na wanafanya nini sasa. Nimeshaongea na watano kati yao na mstaafu mmoja wa reli, na nina picha nne nilizopiga mwenyewe. Naweza kuikabidhi ndani ya siku kumi. Naomba kujua mnalipa kiasi gani kwa makala ya urefu huu, inalipwa lini, na kwamba itatoka kwa jina langu. Nisiposikia kutoka kwako ndani ya wiki mbili nitaipeleka kwingine. Asante."

Hakuna msaada wala mimi ni mwanafunzi tu. Ile sentensi ya hela mkono ulinitetemeka. Niliifuta mara mbili, mwenzangu wa chumbani akaniambia "watakuona una tamaa". Nikairudisha nikabonyeza kabla sijabadili mawazo.

Amejibu jana. Sentensi tatu. Wazo zuri. Tunalipa 40,000 mwezi mmoja baada ya kutoka. Jina litatokea.

Ndiyo, najua, 40,000 ni pungufu kwa 1,500 kuliko nilichotumia kwenye makala ya kwanza, msinicheke. Lakini sehemu kubwa ya kazi ilishafanyika, na hii ni namba. Namba naweza kuikubali, kuikataa au kuibishia. Nimemjibu naomba aongeze elfu kumi ya bodaboda. Amesema ataangalia. Hata akikataa nitaandika, maana safari hii ni mimi nimepiga hesabu na kukubali.

Kwa hiyo wadau, ombi langu kwenu mnaoandika, hasa mliotoka mbali, Katavi, Kigoma, Rukwa, Lindi huko: usitume makala nzima kabla ya kuuliza bei. Uliza bila kuomba radhi. Ukitaka kuandika bure kwa ajili ya kanisa lako, msikiti wako, au jarida la wanafunzi ambalo hakuna anayelipwa hata mmoja, andika kwa moyo wote, nami nafanya hivyo. Lakini pale ambapo kila mtu analipwa isipokuwa wewe, sema hapana. Kila mmoja wetu anayesema "sawa bosi, hata bure" anampa mhariri jibu la kumpa anayefuata.

Na yule kaka wa jarida, kama kuna anayemjua, mwambieni Mwandishi Wetu anamsalimu, anakaa bweni letu na ana jina lake.

Ngoja niishie hapa. Jumatano nina testi ya saikolojia ya elimu na sijafungua hata desa moja. Makala ikitoka nitawaambia, na hela ikiingia nitawaambia pia. Usiku mwema.